Pete Kwenye Kopo la Siagi

Machi 3

Ninaandika shajara hii kwa sababu muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango ameniomba niweke kumbukumbu ya kila taabu nitakayoipata katika kutumia pete ya ukeni, ili mvua zikikatika tuamue pamoja kama njia hii inanifaa. "Mistari miwili mitatu tu, dada," alisema. "Usije ukanitungia kitabu." Nimemwahidi ufupi. Hata hivyo, mhandisi hufundishwa kwamba kipimo kisichoambatana na maelezo ya mazingira yake hakina thamani. Kwa hiyo itanilazimu kueleza mazingira.

Nilihitimu mwaka jana. Nimeajiriwa kwa majaribio katika ujenzi wa daraja, na majaribio hayo yatakwisha pamoja na msimu huu wa mvua. Nikithibitishwa, nitakabidhiwa usimamizi wa nguzo za ng'ambo ya mto, dhamana ambayo sijasikia mhitimu wa rika langu akipewa. Nimeolewa hivi karibuni na mwokaji mikate, na tunaishi nyumbani kwa mama yake. Mimi na mume wangu tunamtaka mtoto. Tumekubaliana aje baada ya daraja. Vidonge vilinishinda kwa sababu ratiba ya kazini haina adabu. Pete hukaa mwilini wiki tatu, hutolewa wiki ya nne, kisha huwekwa nyingine. Katika maelezo ya muuguzi, ni jambo jepesi.

Leo nimeiweka. Kwa usahihi zaidi, leo imekubali baada ya kukataa. Ni laini, haina rangi, na inatakiwa ibanwe kwa vidole hadi pande zake zikutane. Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Iliponiponyoka iliruka kama panzi, ikagonga ukuta wa bafu na kutua nyuma ya ndoo.

"Mwanangu, umeanguka?" Mama mkwe aliuliza kutoka nje.

"Hapana, Mama. Ni sabuni tu."

"Sabuni gani hiyo inayoruka?"

Nikaisuuza kwa maji ya uvuguvugu, nikaegemea ukuta, nikapandisha mguu juu ya ndoo, nikajaribu tena. Ninaandika hivi nikiwa nimekaa wima mno, kana kwamba nimebeba yai.

Machi 4

Siisikii kabisa. Muuguzi alisema nisipoisikia, basi imekaa vizuri.

Machi 8

Jumapili, mvua tangu asubuhi. Mwokaji mikate huamka kabla ya jogoo, kwa hiyo mchana wa Jumapili ndio wakati wetu. Nitalieleza hili kwa staha, kwa kuwa muuguzi alisisitiza nisifiche kitu. Katikati ya mambo mume wangu alisimama, akainua kichwa na kusema kwa unyenyekevu mkubwa:

"Hodi. Kuna mwenyeji humu?"

Nilicheka mpaka ikabidi niuume mto, maana kati ya chumba chetu na cha Mama kuna ukuta wa mbao tu. Nilimuuliza kama inamuumiza. Akasema hapana, ni kama kukutana na shemeji mlangoni: unamsalimia, unapita.

Nimempigia muuguzi. Baadhi ya wanaume huigusa, haina madhara.

Machi 11

Mvua. Sina la kuripoti.

Machi 16

Taabu ya kwanza ya kweli. Choo cha kazini ni banda la mabati lenye shimo na mbao mbili za kuchuchumaa. Hakina maji, na komeo lake ni kipande cha waya. Tuko wanawake wawili tu pale, mimi na mhandisi mkuu, ambaye mafundi humwita Chuma, ingawa si mbele yake. Leo, nikiwa nimechuchumaa na kujikaza, nilihisi pete inashuka. Niliizuia kwa kidole ikiwa imeshafika mlangoni, nikairudisha. Kabla ya kuirudisha nilinawa kwa maji yangu ya kunywa.

Kuanzia leo nabeba chupa ya pili ya maji. Chuma ameniuliza kwa nini nina kiu kiasi hicho.

Machi 24

Leo nimeitoa, na hilo ni rahisi: unakunja kidole na kuivuta. Kazi ni kuitupa. Hairuhusiwi kutumbukizwa chooni, na nyumbani kwetu takataka hupita mikononi mwa Mama mkwe. Huzichambua moja baada ya nyingine, hiki cha kuchoma, hiki cha kufukia, hiki "bado kina kazi". Jana aliliokoa boksi la viatu vyangu. Nimeifunga pete ndani ya pakiti yake na kwenda kuitupa kazini.

Niseme ukweli kuhusu huyu mama. Analea watoto katika kituo cha mtaani, na wazazi humwita Bibi Usingizi, kwa sababu hakuna mtoto anayemshinda kumlaza. Ana macho yasiyokosa kitu. Hajawahi kuniuliza kuhusu mjukuu, na ndicho kinachonitisha. Anayeuliza unaweza kumjibu. Huyu hutazama tu tumbo langu, kisha uso wangu, kisha anasema, "Kula, mwanangu."

Machi 31

Nimeweka pete ya pili. Imebaki moja ya akiba. Chumba chetu kiko chini ya bati, na jua likitoka baada ya mvua kinakuwa tanuri. Mume wangu asema angeweza kuokea humo. Muuguzi aliagiza pete isikae penye joto. Kwa hiyo hiyo ya akiba nimeitoa kwenye kasha lake lenye maandishi makubwa, nikaiacha ndani ya pakiti yake tu, nikaitia kwenye kopo tupu la siagi na kulisukuma nyuma kabisa ya friji. Naona huo ni mpango madhubuti.

Aprili 5

Mama mkwe amenikataza kubeba ndoo ya maji. Nimemweleza kwamba kazini nabeba vyuma. Akashika kichwa: "Vyuma! Na mimba— na mimi nimekaa hapa!" Sikuelewa, nikadhani amekosea kauli.

Aprili 7

Kipande kikubwa cha nyama kimekuwa changu. Mume wangu amelalamika. Mama amemwambia, "Wewe nilishamaliza kukukuza."

Aprili 9

Ameniuliza kama chai ya asubuhi "inakaa". Nimesema inakaa. Akaniambia nisiwe na haya, hata yeye ya kwake haikuwa ikikaa. Nimeanza kuamini kwamba ananipeleleza. Kila jioni anajifungia chumbani na cherehani inalia. Nikigonga, inanyamaza.

Aprili 12

Mto umepanda. Jumapili yetu ilikuwa fupi, lakini nzuri.

Aprili 14

Nimechoka, lakini nitaandika yote, kwa sababu nikiyaacha mpaka kesho nitayapamba.

Tumbo liliniuma tangu asubuhi, nadhani kwa maji ya kazini. Saa nne nilikimbilia bandani. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba sikuweza kusikia hata pumzi yangu. Mbao za kuchuchumaa zilikuwa zinateleza; mkono mmoja nimeshika ukuta, mwingine nimeshika waya wa mlango. Pete ilishuka, na safari hii sikuwa na mkono wa kuizuia. Nikaiona inaingia shimoni.

Nilisimama pale nikitazama gizani kama mtu aliyeangusha funguo kisimani. Baada ya hapo nikafikiri. Muuguzi alinifundisha: ikipotea, weka nyingine, na usiache zipite saa tatu. Ya akiba iko nyumbani. Nyumbani ni mwendo wa nusu saa.

Nilitoka bandani nikiwa na sentensi ya kuomba ruhusa mdomoni, na nikakutana na Chuma anakimbia.

"Uko wapi wewe? Maji yamefika kwenye mbao za zege za nguzo ya pili! Chukua vipimo kila robo saa, usimwachie mtu."

Ningeweza kusema. Sikusema. Nilijiambia kwamba mtu anayetaka kukabidhiwa nguzo haombi ruhusa siku nguzo inapozama. Nilichukua vipimo mpaka jioni. Nguzo imesimama. Chuma alinipiga bega na kusema, "Umenifaa leo," maneno ambayo nimeyasubiri tangu siku ya kwanza, na nilipoyapata sikuyasikia utamu wowote.

Nilifika nyumbani nimelowa, nikaenda moja kwa moja kwenye friji. Kopo la siagi lilikuwepo. Nikalifungua. Lilikuwa tupu.

"Amekuja!" Mama mkwe aliita kutoka sebuleni. "Njoo ukae, mwanangu. Usivue hata buti."

Mume wangu alikuwa kochini, unga bado kwenye nyusi, na uso wa mtu aliyeitwa bila kuelezwa. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya harusi za watu. Akaniwekea kikapu magotini. Ndani mlikuwa na kigauni cha manjano, kofia ndogo ya manjano, na soksi zisizozidi kidole gumba changu. Juu yake, imefungwa kwa utepe mweupe wenye pambo la kipepeo, ilikuwa pete yangu.

"Nimeichemsha," alisema kwa fahari. "Ikatokota kabisa. Vitu vya dukani vinapitia mikono mingi. Nyie vijana mnadhani friji linaua vijidudu."

Mume wangu akainama kutazama. Nilimwona anaitambua. Alifunga mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama," akasema kwa taabu, "hiki... ni nini?"

"Wanaume! Si cha kung'atia! Mtoto akiota meno. Hata sisi kituoni tunaviweka kwenye friji, ubaridi unatuliza ufizi. Nilikuwa natafuta siagi, nikashika ile pakiti. Maandishi siyaoni, lakini kidole changu hakidanganyiki: laini, duara. Nikasema, huyu binti ana haya, lakini ana akili! Mimba haijatokeza, yeye ameshafikiria meno!"

Mume wangu aliinuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kwetu, mabega yanatikisika. Mimi nilianza kulia.

"Lia tu, mwanangu," Mama alisema akinifuta uso kwa kofia ya manjano. "Mimba inaliza."

Chuoni niliwahi kutetea mradi wangu mbele ya wahadhiri watano bila sauti kutetemeka. Leo nilinong'ona.

"Mama, sina mimba."

"Bado hujapima?"

"Sina, Mama. Hicho si cha mtoto. Hiyo pete ni ya... ya kusubirisha mtoto. Ni ya uzazi wa mpango. Inawekwa ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani, Mama."

Alinitazama, akaitazama pete, akamtazama mwanawe mgongoni. Kisha akanyoosha mkono, akaanza kuufungua ule utepe taratibu, kwa heshima, kama mtu anayevua kofia msibani.

"Na mimi nimeichemsha."

"Ndiyo, Mama."

"Kwenye sufuria ya maziwa."

"Maziwa ya chai ya leo?" mume wangu aliuliza dirishani.

"Nyamaza wewe! Niliisugua!"

Akaanza yeye kucheka, nikafuata mimi, na mume wangu akarudi kochini akiwa na machozi. Tulicheka mpaka kikapu kikaanguka. Halafu kicheko kikamwisha Mama peke yake, ghafla, na akabaki ameshika soksi moja.

"Nimeshawaambia kituoni," alisema. "Wote. Walinipigia vigelegele."

Mume wangu akainama kuokota kikapu.

"Ungeniambia tu. Kwani mimi ni nani humu, askari wa geti? Unaficha kwenye kopo kama unaficha wizi."

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya majaribio, nguzo za ng'ambo, makubaliano yetu. Kwamba nilidhani akisikia ataona nimemnyima. Mume wangu akaongeza kwamba uamuzi ulikuwa wa wote wawili, na kama kuna wa kulaumiwa basi alaumiwe nusu nusu. Mama alisikiliza akiikunja na kuikunjua ile soksi.

"Mimi nilisema hivyo hivyo," alisema mwishoni. "Nilimpata huyu, nikasema sasa nipumzike kidogo, kwanza kazi. Baadaye nikasema haya, sasa. Hakuja mwingine. Hakuna aliyenieleza kwa nini, na sikuwa na wa kumuuliza. Ndiyo maana nakutazama. Sikutazami kwa sababu nataka kukuharakisha, mwanangu. Naogopa."

Tangu niingie nyumba hii nimekuwa nikiyasoma macho yake vibaya. Niliona ukaguzi mahali palipokuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa kwa ajili yangu.

Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, na buti zangu za tope. Akanishika kichwa.

"Sasa nieleze," alisema. "Kinakaaje kisidondoke?"

"Hakikai, Mama. Leo kimedondoka."

"Wapi?"

"Chooni, kazini. Shimoni."

"Yesu na Maria! Kwa hiyo kimoja shimoni, na kimoja nimekipika?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi leo mtoto huyo ana bahati," akasema. "Njia zote ziko wazi." Akamgeukia mwanawe. "Wewe utalala kochini."

Aprili 15

Nimezungumza na muuguzi. Saa tatu zilishapita, kwa hiyo kinga haiaminiki tena. Tutumie kondomu mpaka nipate pete mpya, na atanipima tutakapoonana. Pete iliyochemshwa isitumiwe kwa hali yoyote. Kisha akauliza, "Iliyofanywa nini?" Nilimsimulia. Alikata simu ili acheke, akapiga tena.

Maduka ya dawa ya mtaani hayana pete. Kliniki iko ng'ambo, na kivuko kimefungwa mpaka maji yapungue.

Aprili 16

Mume wangu amerudi na kondomu ndani ya mfuko wa mikate. Amesema muuza duka alimuuliza kama sherehe ni ya watu wengi. Mama ameuona mfuko akadhani ni mikate. Tumeuwahi.

Aprili 17

Nafikiria. Nikiwa na mimba, je? Nimejiuliza hivyo nikiwa juu ya jukwaa la nguzo, na jibu halikuwa moja. Ningempenda, na ningezipoteza nguzo za ng'ambo. Yote mawili ni kweli, na hakuna hesabu niliyofundishwa inayoyajumlisha.

Mama ameenda kituoni kuyarudisha aliyoyasema. Nilimwomba asiseme, tungeacha habari ife yenyewe. Akakataa. Jioni nikamuuliza walisemaje.

"Mmoja aliniuliza, 'Kwa hiyo mkwe wako hataki?' Nikamwambia anataka. Ana daraja mikononi, mtoto hawezi kushikwa na mikono iliyojaa. Halafu mwingine akaniuliza hiyo pete inapatikana wapi."

Aprili 18

Damu imeanza. Muuguzi asema hilo hutokea pete ikitoka kabla ya wakati wake, na si uthibitisho kwamba sina mimba. Kipimo kipo palepale. Mama ameniletea chupa ya maji ya moto ya kukandia tumbo bila kuuliza lolote. Hakunitazama tumbo. Alinitazama usoni.

Aprili 20

Maji yanashuka, kivuko kitafunguliwa. Ilinibidi niombe ruhusa ya nusu siku kwa Chuma. Niliandaa maelezo yenye utangulizi, nikayatoa nikiwa nimesimama wima.

"Unaomba ruhusa ya kliniki kama mtu anayekiri wizi," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye michoro. "Unaumwa?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema tumbo. Nikakumbuka lile kopo, na jinsi uficho ulivyonigharimu. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na shimo.

Akaweka kalamu.

"Siku ile maji yalipopanda?"

"Ndiyo, mhandisi."

"Ukakaa mpaka jioni."

"Ndiyo."

"Nilikuambia umenifaa, kumbe wewe ulikuwa unaungua." Alivua kofia ngumu, akajikuna kichwa. "Nimejenga madaraja manne, mdogo wangu. Katika yote manne nimejifunza kutokunywa maji mchana. Hata siku moja sijadai choo cha wanawake, niliogopa wataniona nadeka. Nenda. Ukirudi tutadai wote wawili: sakafu, maji, mlango unaofunga. Wakikataa, nguzo zao watazisimamia wenyewe."

Kuhusu kuthibitishwa hakusema neno, na sikuuliza. Nilirudi kwenye vipimo vyangu. Leo ni mara yangu ya kwanza kuitwa "mdogo wangu" na mtu yeyote pale.

Aprili 22

Muuguzi amenipa nafasi. Tutapima, kisha tutazungumza kama niendelee na pete nikipata choo kinachofaa, au nijaribu njia nyingine isiyotegemea mbao zinazoteleza. Amesema uamuzi ni wangu na nije na mwenzangu nikipenda. Mume wangu ameshabadilishana zamu.

Jioni Mama alikuwa anapanga kigauni cha manjano ndani ya karatasi laini, akitia na majani ya kuzuia nondo. Sikumwuliza anakiweka kwa ajili ya lini, naye hakunieleza.

"Nitawasindikiza," alisema. "Lakini nitakaa nje kwenye benchi. Ndani ni mambo yenu wawili."

"Sawa, Mama."

Alikifunga kile kifurushi, akakibonyeza kwa kiganja. Nilifikiria miaka yote ambayo hakuwa na wa kumuuliza.

"Mama, usikae nje. Ingia nasi. Muulize na wewe yako, yale ya zamani."

"Mimi? Umri huu? Atanicheka."

"Akicheka atakata simu kwanza, namjua."

Hakuelewa, lakini alitabasamu. Akauliza kama avae ile nguo ya harusi. Nikamwambia avae.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, kliniki ng'ambo ya mto. Tutakuwa watatu.